Somo moja, vyuo vingi: tuulize nani atatia sahihi kwenye diploma



Kila mwaka, matokeo ya Exetat yakishatoka, nyumba nyingi hapa Kasulo zinaanza hesabu ileile. Mtoto amepata diploma ya serikali, vigelegele vimepigwa, poda imemwagwa kichwani, majirani wamekuja kusalimia. Kesho yake mama anakaa peke yake na kuhesabu: chumba Lubumbashi, chakula, gari la kwenda na kurudi kilomita zaidi ya 300, ada ya chuo, vitabu, simu. Anahesabu mara moja, anahesabu mara mbili, na makuta hayatoshi. Na mara nyingi, makuta yasipotosha, ni binti anayeambiwa angoje mwaka ujao. Mwaka ujao unakuja na mtoto mgongoni, na chuo kinasahauliwa.

Siku hizi vijana wanaleta jibu lingine nyumbani. Wanasema: «Mama, nitajiandikisha hapa hapa Kolwezi. Masomo mengine yatatoka chuo cha mji mwingine, hata nchi nyingine, kwa mtandao. Vyuo vimeungana.» Katika vikao vyetu mmetuuliza mara nyingi: jambo hili ni la kweli, au ni njia mpya ya kula pesa za wazazi?

Jibu letu ni hili. Jambo ni la kweli. Afrika imelijaribu zaidi ya mara moja, na linaweza kumsaidia binti asome bila kutoka kwao. Lakini nguvu yake haiko katika simu wala katika kompyuta. Iko katika mapatano yaliyoandikwa kati ya vyuo vyenyewe. Mapatano yakiwa mazuri, somo la mbali linahesabiwa kama somo la darasani. Mapatano yakikosa, mtoto anaweza kusoma mwaka mzima, akafaulu, kisha akaambiwa kwamba pointi zake hazina mahali pa kuandikwa. Ndiyo maana wiki hii tunataka tuelewe mapatano hayo, ili tujue la kuuliza kabla ya kulipa.

Ni likelemba ya vyuo

Hakuna mama hapa asiyejua likelemba. Tuko kumi, kila mmoja anatoa kiasi kilekile, na kila mwezi mmoja anapokea. Inatembea kwa sababu mambo manne yanajulikana tangu siku ya kwanza: nani yumo, kila mtu anatoa nini, zamu inakwendaje, na tutafanya nini mmoja akitoka kabla ya mwisho. Likelemba isiyo na sheria hizo inavunja urafiki.

Vyuo vinavyoshirikiana masomo vinafanya vilevile. Chuo kimoja kina mwalimu hodari wa hesabu, kingine kina mwalimu wa kompyuta, cha tatu kina mwalimu wa afya ya jamii. Hakuna chuo chenye wote. Badala ya kila kimoja kuajiri watu kwa kila somo, vinapatana: somo la hesabu la kwako litasomwa na wanafunzi wangu, na somo la afya la kwangu litasomwa na wa kwako.

Katika mapatano ya namna hiyo kuna chuo cha aina mbili, na ni lazima tuvitofautishe. Cha kwanza ni chuo cha nyumbani: kule mtoto alikojiandikisha, kule jina lake liko katika kitabu, kule diploma yake itatoka. Cha pili ni chuo kinachofundisha: kule mwalimu wa somo lile anakofanya kazi. Mtoto mmoja anaweza kuwa na chuo kimoja cha nyumbani na vyuo viwili au vitatu vinavyomfundisha. Matatizo karibu yote yanatokea pale ambapo haijaandikwa wazi chuo cha nyumbani kina kazi gani na chuo kinachofundisha kina kazi gani.

Wazee wetu walisafiri, leo somo linasafiri

Kugawana masomo si jambo la kizungu lililoletwa jana. Wazee wetu walioenda chuo kikuu wanalikumbuka.

Mwaka 1971 serikali iliunganisha vyuo vikuu vitatu vya nchi yetu, vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani, vikawa kimoja kilichoitwa Université Nationale du Zaïre, yaani UNAZA. Masomo yakagawanywa kati ya miji. Lugha na fasihi zikapelekwa Lubumbashi. Saikolojia na elimu ya ualimu zikapelekwa Kisangani. Aliyetaka somo fulani alifuata mji wake, hata kama ni upande wa pili wa nchi. Mpango huo ulidumu miaka 10. Mwaka 1981 kila chuo kikarudi kujitegemea.

Majirani zetu wa mashariki walifanya hivyo mapema zaidi. Mwaka 1963 vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliungana kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Kijana aliyetaka udaktari alienda Makerere, aliyetaka uhandisi alienda Nairobi, aliyetaka sheria alienda Dar es Salaam. Mtanganyika, Mkenya na Mganda walikaa benchi moja, na digrii ilikuwa ya chuo kimoja. Mwaka 1970 umoja huo ulivunjwa, kwa sababu kila nchi ilitaka chuo chake, cha kuandaa wafanyakazi wake yenyewe.

Tunajifunza mambo mawili hapo. Kwanza, kugawana kunawezekana, maana madaktari na wanasheria wa wakati ule walifanya kazi na digrii zao zilikubaliwa. Pili, umoja unaweza kuvunjika katikati ya safari, na wakati huo mwanafunzi anahitaji kujua nani anabaki na jina lake.

Tofauti ya leo ni kwamba zamani mtoto alilifuata somo. Sasa somo linamfuata mtoto. Kwa mama wa Kasulo hiyo si tofauti ndogo. Binti anaweza kusoma usiku baada ya kusaidia nyumbani, mama mwenye mtoto mchanga anaweza kusikiliza mwalimu huku ananyonyesha, na pesa za chumba cha Lubumbashi zinabaki kwa bukari na sombe.

Chuo cha mtandao cha Afrika

Kuna mfano mwingine, wa masomo ya mbali yenyewe. Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha African Virtual University, chuo cha Afrika kisicho na kuta. Mwanzoni masomo mengi yalitoka vyuo vya mbali, nje ya Afrika, yakarushwa kwa satelaiti hadi kwenye vyumba vya vyuo vya hapa. Wanafunzi walikaa mbele ya kioo, wakamsikiliza mwalimu asiyejua mji wao wala shida zao. Afrika ilikuwa inapokea tu.

Baadaye chuo hicho kikawa mali ya nchi za Afrika zenyewe, makao yake yakiwa Nairobi, na nchi yetu ikawa miongoni mwa zilizotia sahihi mkataba wake. Ndipo namna ya kufanya kazi ikabadilika. Tangu mwaka 2005, kwa msaada wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, vyuo vikuu 12 vya nchi 10, zikiwamo Tanzania, Kenya, Uganda na Zambia, vilikaa pamoja ili kuandaa walimu wa hesabu, fizikia, kemia, biolojia na teknolojia. Walimu wa vyuo hivyo waliandika masomo wenyewe, wakakaguana kazi. Yalitoka masomo 73, kila moja kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno, yaani vitabu 219 kwa jumla. Viliwekwa wazi, mtu yeyote avisome na chuo chochote kivitumie bila kununua ruhusa.

Tuangalie sheria iliyo ndani ya mpango huo. Masomo yaliandikwa kwa pamoja, lakini kila chuo kiliyaingiza katika programu yake, kikaandikisha wanafunzi wake, kikatoa diploma yake. Mwanafunzi hakuhitaji kujiuliza diploma itatoka wapi, kwa sababu ilitoka kule alikoandikwa. Somo lilikuwa la wote, lakini sahihi ilikuwa ya chuo kimoja kinachojulikana.

Krediti: kipimo ambacho kila mama anapaswa kukijua

Zamani tulizoea gradua miaka 3, kisha lisansi miaka 2. Sasa nchi yetu imeingia katika LMD, yaani lisansi, masta na udaktari. Katika LMD, masomo yanapimwa kwa krediti. Mwaka mmoja wa masomo ni krediti 60. Lisansi ya miaka 3 ni krediti 180. Kila somo lina krediti zake, na krediti hazihesabu saa za darasani peke yake. Zinahesabu pia kazi ambayo mwanafunzi anafanya mwenyewe nyumbani.

Krediti ni kama kopo la kupimia unga sokoni. Likiwa kopo moja kwa wote, hakuna ugomvi. Kila muuzaji akija na kopo lake, ugomvi unaanza. Chuo kinachofundisha kikisema somo hili lina krediti 4, na chuo cha nyumbani kikisema kwetu somo hilo lina krediti 2, mtoto amefanya kazi ya 4 na ameandikiwa 2. Mwisho wa mwaka anakosa krediti za kupanda, ingawa hakufeli hata somo moja.

Nchi za Afrika Mashariki zimejaribu kutengeneza kopo moja. Kuna Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, makao yake yako Kampala, ambalo linashughulika na kulinganisha masomo na krediti. Mwezi wa tano mwaka 2017, wakuu wa nchi wa jumuiya hiyo walitangaza Dar es Salaam kwamba nchi zao zitakuwa eneo moja la elimu ya juu, mwanafunzi aweze kuhama na pointi zake. Kongo iliingia katika jumuiya hiyo mwaka 2022. Mlango umefunguliwa kidogo kwa watoto wetu. Lakini mtu asidanganyike: tangazo la wakuu wa nchi haliingizi pointi za mtoto wako katika kitabu cha chuo chake. Ni chuo chenyewe kinachoandika kwamba kimekubali.

Maswali saba ya kuuliza kabla ya kulipa

Tumeyapanga haya ili mama yeyote aende nayo kwenye ofisi ya chuo. Si lazima ujue Kifaransa kingi. Mwombe binti akuandikie, na muende pamoja.

1. Chuo cha nyumbani ni kipi? Ukijibiwa «vyote», usikubali. Jina la mtoto ni lazima liandikwe katika kitabu cha chuo kimoja, na chuo hicho kiwe na kibali cha wizara ya elimu ya juu, ile tunayoiita ESU. Chuo kisicho na kibali, hata kikiungana na vyuo 20 vikubwa, diploma yake ni karatasi ya kupamba ukuta.

2. Somo hili litahesabiwa krediti ngapi, na iko wapi karatasi inayosema hivyo? Karatasi itoke chuo cha nyumbani, itiwe sahihi kabla somo halijaanza. Ahadi ya mdomo ya mwalimu mwema haitoshi, maana mwalimu anaweza kuhamishwa na wewe ukabaki na maneno yake tu.

3. Tunalipa wapi, na mara ngapi? Hapa wazazi wengi wanaumia. Katika mapatano mazuri mtoto analipa mahali pamoja, kwenye chuo cha nyumbani, na vyuo vinagawana vyenyewe. Kule Marekani, vyuo vikuu kadhaa vinavyofundisha mambo ya familia na matumizi ya pesa za nyumbani vina muungano unaoitwa Great Plains IDEA. Vilipatana bei moja ya krediti kwa wote. Mwanafunzi analipa bei hiyo kwenye chuo chake hata kama mwalimu yuko chuo kingine. Kisha pesa inagawanywa: sehemu kubwa inaenda kwa chuo kinachofundisha, na sehemu inabaki kwa chuo cha nyumbani kwa kazi ya kuandikisha na kumshauri mwanafunzi. Kwa hiyo ukiambiwa ulipe ada yote hapa, kisha ulipe tena somo kule, uliza kwa nini.

4. Mtihani utafanyikia wapi, na nani atausimamia? Somo linaweza kuja kwa simu, lakini mtihani unaofanywa kwa simu chumbani unatiliwa mashaka na waajiri wengi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya wanaosoma wakiwa mbali, kina vituo katika mikoa, na wanafunzi wanafanyia mitihani huko, mbele ya msimamizi. Tuulize: je, kutakuwa na chumba cha mtihani hapa Kolwezi, au siku ya mtihani mtoto ataitwa Lubumbashi? Kama ataitwa, pesa ya safari iingizwe katika hesabu tangu mwanzo.

5. Tarehe za vyuo zinakubaliana? Chuo kimoja kinaweza kufungua mwezi wa kumi, kingine mwezi wa kwanza. Pointi za somo zikichelewa kufika, chuo cha nyumbani kinaweza kufunga mwaka bila kuziandika. Uliza siku ya mwisho ya chuo kinachofundisha kutuma pointi, na mtoto afanye nini zikichelewa.

6. Mazoezi ya mikono yatafanyikia wapi? Hesabu na sheria zinaweza kusomwa kwa kioo. Lakini kuzalisha, kudunga sindano, kupima udongo na kufunga nyaya za umeme havifundishwi kwa kioo peke yake. Somo la uuguzi ambalo halitaji hospitali yoyote ya kufanyia mazoezi lina kasoro kubwa.

7. Chuo kikitoka katika muungano, mtoto wangu atamalizaje? Tumeona UNAZA na tumeona Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mapatano mazuri yanasema wazi: hata chuo kikitoka, wanafunzi walioanza somo watalimaliza, na pointi zao zitaheshimiwa.

Ofisi ikijibu maswali haya bila hasira na kukuonyesha karatasi, ni dalili njema. Ikikuambia kwamba mambo hayo ni ya wasomi na wewe ulete pesa tu, rudi nyumbani na pesa yako. Ulizaneni kwanza katika kikundi.

Mega, umeme na kelele za nyumba

Tumesema mapatano ndiyo makubwa, lakini hata mapatano mazuri yanaweza kufia nyumbani. SNEL ikikata umeme, simu inazimika katikati ya somo. Mega zinaisha kabla mwalimu hajamaliza. Na binti akishika simu saa moja nzima, kuna baba au kaka atakayesema anachati.

Kwa hiyo tuulize pia chuo: je, somo linaweza kupakuliwa mara moja na kusomwa bila mtandao? Masomo ya kuandikwa na ya sauti yanakula mega kidogo. Video zinakula nyingi. Chuo kinachowajali wanafunzi wa Lualaba hakitategemea video kila siku saa kumi na mbili jioni, wakati ambapo mtaa mzima hauna umeme. Na uliza kama chuo cha nyumbani kina chumba chenye mtandao ambacho mwanafunzi anaruhusiwa kuingia. Kama analipa ada huko, ana haki ya kiti huko.

Ndani ya nyumba, sheria ni yetu wenyewe. Saa ya somo ni saa ya somo, hata kama mwanafunzi amekaa kwenye kiti cha jikoni. Usimtume maji, usimtume sokoni. Ungeweza kumtuma kama angekuwa Lubumbashi? Mwambie pia baba wa nyumba, mapema na kwa heshima, kwamba binti anasoma, na mwonyeshe karatasi ya kujiandikisha. Baba akiiona karatasi hatauliza simu ni ya nini.

Kolwezi isiwe ya kupokea tu

Tunarudi kidogo kwenye likelemba. Mtu anayepokea kila mwezi na hatoi kitu, siku moja atafukuzwa. Na hata asipofukuzwa, hana sauti katika kikao. Vyuo vidogo viko katika hatari hiyo. Chuo cha mji mkubwa kinatoa masomo yote, chuo cha mji mdogo kinakusanya wanafunzi na ada, walimu wake wanakosa kazi, na baada ya miaka michache kinakuwa kama duka la kuuza mega.

Lakini sisi tuna la kutoa. Hapa Kasulo, tangu mwaka 2014 kobalti ilipopatikana chini ya nyumba zetu, tumeishi mambo ambayo vyuo vingi duniani vinasoma katika vitabu tu: mashimo uani, vumbi ndani ya sufuria, watoto wanaoacha masomo kwa ajili ya shimo, na mwaka 2017 sehemu ya mtaa kuzungushiwa ukuta na familia kuhamishwa. Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza utafiti walioufanya hapa hapa. Walikuta kobalti nyingi katika mkojo na damu ya wakaaji wa mtaa huu, na kwa watoto ndiyo zaidi.

Elimu hiyo ilitoka katika miili ya watoto wetu. Basi kwa nini Kolwezi isiwe mahali linapotoka somo la madini na afya ya familia, likasomwa Likasi, Lubumbashi, hata Kitwe na Ndola ng'ambo ya mpaka, ambako nako kuna migodi? Chuo Kikuu cha Kolwezi kiko mjini kwetu, na walimu wake wanapumua vumbi hilihili. Siku watakapokaa na vyuo vingine kugawana masomo, tungependa wasiende mikono mitupu. Na sisi wamama tunaweza kuwa sehemu ya somo hilo, kwa kueleza tunavyofua nguo za mgodini, tunavyofunika maji, tunavyomzuia mtoto wa miaka 9 asiende kuosha mawe.

Hilo tunaweza kuliomba. Kiongozi wa kikundi anaweza kuandika barua kwa chuo, wamama wakatia sahihi zao, na wasiojua kuandika wakaweka kidole gumba. Barua ya wamama 40 haitupwi upesi.

Kazi ya kikao cha wiki hii

Tunaomba kila kikundi kifanye mambo matatu.

La kwanza, andikeni majina ya mabinti na wamama wa kikundi chenu wenye diploma ya serikali ambao hawako chuoni, na sababu ya kila mmoja. Tusiandike «hana pesa» peke yake. Tuandike ni pesa ya nini iliyokosekana: chumba, safari, au ada. Aliyekosa chumba na safari anaweza kusaidiwa na masomo ya mbali. Aliyekosa ada anahitaji msaada mwingine, tusimdanganye.

La pili, chagueni wamama wawili waende kwenye ofisi ya chuo kimoja na yale maswali saba, kwa niaba ya wote. Wawili wakienda kwa jina la kikundi hawajibiwi kama mmoja anayeomba. Warudi na majibu yaliyoandikwa, na nakala ya karatasi yoyote waliyopewa. Familia zilizohamishwa katika mtaa huu zinajua thamani ya nakala iliyohifadhiwa vizuri.

La tatu, kama mna wanafunzi watatu au wanne wa mbali katika kikundi, wapangieni nyumba moja yenye utulivu mara tatu kwa wiki. Mega zinunuliwe kwa pamoja, somo lipakuliwe mara moja, kisha wapeane kwa simu bila kulipa tena. Wanaosoma pamoja hawakati tamaa upesi kama anayesoma peke yake.

Na kwa wale mabinti walioambiwa wangoje mwaka ujao, tunasema: leteni diploma zenu kwenye kikao. Tutaenda nanyi ofisini, tutaketi, na tutauliza nani atatia sahihi.

Tuonane wiki ijayo.